MOMA, NYOKA ASIYEKIMBIA

Katika Kenya wako nyoka wa aina zaidi ya mia moja, na walio wengi hawapendi kuonana na mtu. Wausikiapo mtetemo wa nyayo ardhini huondoka upesi, wakatoweka majanini kabla mtu hajafika. Ndiyo sababu mkulima aweza kulima shamba lake miaka mingi akamwona koboko mara moja tu, tena huona mkia ukiishia kichakani. Moma hana desturi hiyo. Asikiapo kishindo hutulia palepale alipo, hatikisiki, akaungoja mguu upite. Ukipita kando yake, hata kwa nafasi ya shubiri moja, huenda asifanye neno lo lote. Ukimkanyaga, huuma.

Tabia hiyo moja, ya kukaa kimya mahali pamoja, ndiyo asili ya karibu mambo yake yote: unene wake, rangi yake, mwendo wake, namna apatavyo chakula, na hata harufu yake, kama itakavyoonekana. Tena ndiyo inayomweka miongoni mwa nyoka waumizao watu wengi zaidi katika Afrika, ijapokuwa yeye mwenyewe si mchokozi, wala hamfukuzi mtu.

Moma huitwa pia kifutu, na mahali pengine bafe. Asikiaye jina la kifutu hukumbuka neno kufutuka, na kweli moma akiudhiwa hujijaza pumzi, akafura mwili mzima, kisha akaitoa pumzi hiyo kwa sauti nzito kama ya mivukuto ya mhunzi. Wataalamu humwita Bitis arietans. Jina hilo la pili alipewa mwaka 1820 na Mjerumani, Blasius Merrem, aliyelitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya kupiga kwa nguvu, kama kondoo dume apigavyo kwa kichwa. Aliyepata kumwona moma akipiga hatasema kwamba Merrem alikosea.

Nchi akaazo ni kubwa mno. Yuko Moroko, yuko katika nchi za mbuga zote za Afrika kusini ya Sahara mpaka Rasi ya Tumaini Jema, na hata ng'ambo ya Bahari ya Sham, katika Yemen na kusini mwa Oman. Misitu minene ya mvua haipendi, wala jangwa tupu, wala vilele vya milima vyenye baridi kali. Katika Kenya hupatikana pwani, Ukambani, Baringo na sehemu nyingine za Bonde la Ufa. Na hata mashamba yaliyo juu ya mita 2,000 hayakosi moma.

Kwa urefu si nyoka wa kujivunia. Wa kawaida hufika karibu mita moja, yaani futi tatu na kidogo, na wengi hawafiki hapo. Wakubwa kabisa waliopata kupimwa walikuwa na urefu wa karibu mita 1.9, na uzito uliozidi kilo 6. Unene ndio unaomfanya aonekane joka. Moma wa mita moja huwa mnene kama mkono wa mtu mzima, na mkia wake ni mfupi kana kwamba umekatwa. Kichwa ni kipana na bapa, chenye pembe tatu, na shingo nyembamba nyuma yake huonekana dhahiri. Mgongoni ana mistari ya giza na ya manjano au hudhurungi, iliyopangwa mmoja nyuma ya mwingine kama pembe, na ncha zake zaelekea mkiani.

Mistari hiyo ukiitazama katika picha ya kitabu ni mizuri na yaonekana wazi. Ukiitafuta juu ya majani makavu huioni. Jicho la mtu hukitambua kitu kwa kuufuata ukingo wake, na mistari ya moma huukatakata ukingo huo hata mwili ukawa kama vipande vya majani, kivuli na udongo. Watu wengi wamesimama hatua moja kutoka kwa moma, wakaelekezwa kwa kidole mahali alipo, wasimwone mpaka alipotoa ulimi.

Hata mwendo wake ni wa peke yake. Nyoka wengi huenda kwa kupinda mwili kushoto na kulia, lakini moma asiye na haraka huenda kwa kunyoka, kama kiwavi. Magamba mapana ya tumboni huinuliwa kidogo kwa misuli, yakapelekwa mbele, yakashika ardhi, na mwili ukavutwa kuyafuata. Alama aiachayo mavumbini ni mstari mmoja mnyofu, kana kwamba mtu ameburuta gogo dogo. Mkulima aionaye alama ya namna hiyo asubuhi, ikielekea ghalani kwake, amepata barua ambayo yafaa aisome vizuri. Moma akitishwa sana aweza kujipinda na kwenda upesi zaidi kama nyoka wengine, lakini si mbio za kumfikia mtu. Upesi wake wote umo katika kupiga. Hukunja sehemu ya mbele ya mwili, akaifyatua kwa ghafula hata jicho lisiweze kuifuata, kisha akarudi alivyokuwa. Kusini mwa Afrika wako watu wasemao kwamba moma hupiga nyuma tu. Si kweli. Hupiga mbele, na ubavuni pia.

Mbwa hakumnusa

Kujificha machoni ni jambo jepesi kueleza. Lakini wanyama wengi wawindao hawatangulizi macho, hutanguliza pua. Nguchiro, nyegere, mbweha na mbwa, wote waweza kumtafuta nyoka kwa harufu. Basi nyoka akaaye siku nyingi mahali pamoja, asiyejua kukimbia, alipaswa kuwa ameliwa zamani. Kwa nini hakuliwa?

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, katika Afrika Kusini, walijiuliza swali hilo, kwa maana katika kuwafuatia moma porini walikuwa wameona wanyama wenye pua kali wakipita karibu nao kabisa bila kusimama. Wakafundisha mbwa, na pia wanyama wadogo wa jamii ya nguchiro wapatikanao kule kusini, kazi ya kulinganisha harufu. Mnyama alinusishwa harufu ya nyoka wa aina fulani, kisha akatakiwa kuitafuta harufu ileile miongoni mwa nyingine. Harufu za nyoka wa aina nyingine walizipata vizuri. Ya moma hawakuipata. Lakini walipopewa ngozi kuukuu ambayo moma alikwisha kuivua, waliitambua. Kwa hiyo si kwamba mwili wake hauna harufu kabisa; ni kwamba akiwa hai na ametulia, harufu haimtoki kiasi cha kumtambulisha. Habari hizo zilipigwa chapa mwaka 2015 na Ashadee Kay Miller pamoja na wenzake.

Neno hili lina maana kubwa kwa mtu wa shamba kuliko linavyoonekana. Wako watu wengi ambao usiku humtanguliza mbwa njiani, wakidhani kwamba penye nyoka mbwa atabweka. Kwa nyoka wengine huenda akabweka. Kwa moma, mbwa aweza kumruka pasipo kujua lo lote, na mguu wa mwenye mbwa ukawa wa pili kupita.

Ulimi wa kutega

Kukaa bila kutikisika si kwa ajili ya kujificha tu. Ndiyo kazi ya moma ya kila siku. Yeye hawindi kwa kutembeatembea kama nyoka wembamba wafanyavyo. Huchagua mahali penye njia ya panya, au kando ya maji, au chini ya kichaka kiangushacho matunda yapendwayo na ndege, akajikunja, akangoja. Aweza kungoja siku nzima, na siku ya pili, na zaidi. Nyoka mwembamba aendaye huku na huko hutumia nguvu nyingi, basi hana budi kula mara kwa mara. Moma hatumii nguvu, basi aweza kukaa muda mrefu tumbo tupu pasipo kudhoofika.

Hata hivyo yako mambo aweza kuyafanya ili kuufupisha muda wa kungoja. Wataalamu wa chuo kile kile, Xavier Glaudas na Graham Alexander, waliweka kamera mbele ya moma waliokuwa wakiotea porini, zikapiga picha mchana na usiku. Katika habari walizozitoa mwaka 2017 walieleza kwamba moma aonapo chura karibu hutoa ulimi wake, akauacha nje muda mrefu kuliko kawaida, akiuchezesha polepole kama mnyoo. Chura huja kula mnyoo, akaliwa yeye. Mara nyingine moma hutikisa ncha ya mkia kwa namna hiyohiyo. La ajabu ni kwamba mtego wa ulimi hakuutega kwa panya. Aliutega walipokuwapo vyura tu. Yaani moma, ambaye watu humhesabu kuwa mzito wa mwili na wa akili, ajua ni nani apendaye mnyoo na ni nani asiyeupenda.

Akimpiga panya humwachia mara moja, kwa kuwa panya ana meno, naye aweza kumjeruhi. Panya hukimbia hatua chache, sumu ikamwangusha, na moma humfuata taratibu kwa kuonja hewa na ardhi kwa ulimi. Chura na ndege hawaachii, maana chura hana meno ya kutisha, na ndege akiachiwa ataruka akafie mbali. Baada ya hapo mawindo humezwa mzima, kichwa kikitangulia.

Chakula chake kikubwa, katika mashamba, ni panya. Hapa ndipo penye shida ya kumhukumu. Mkulima apotezaye mahindi yake ghalani kwa panya hana mlinzi afanyaye kazi kwa bei ndogo kuliko nyoka, wala nyoka haombi sehemu ya mahindi. Lakini mlinzi huyu hajui kupambanua kati ya mguu wa mwizi na mguu wa mwenye nyumba. Ukweli ni kwamba moma hafuati watu. Hufuata panya, na panya hufuata nafaka iliyomwagika, magunzi yaliyorundikwa nyuma ya jiko, na ghala lililokaa chini juu ya ardhi. Boma ambalo ghala lake limeinuliwa juu ya nguzo zenye vizuizi vya bati, na ambalo majani yake yamefyekwa, halimvuti moma, kwa sababu halina kitu cha kumlisha. Aliyeko porini mbali na nyumba yafaa aachwe aendelee na panya wake.

Kuhusu kumwua, neno moja halina budi kusemwa. Watu wengi huumwa na nyoka ambao walikuwa wanajaribu kuwaua, wala hawangeumwa kama wangaliwaacha wapite. Tena kichwa cha moma kilichokatwa huweza kuuma bado kwa muda, kwa kuwa misuli yake haifi pamoja na mwili. Mtoto asiachwe kukichezea.

Watoto 156

Moma hatagi mayai. Mayai hubaki tumboni mwa mama mpaka watoto wakamilike, nao huzaliwa wakiwa hai, kila mmoja ndani ya utando mwembamba aupasuao mara moja. Tangu saa hiyo ana meno na ana sumu, ijapokuwa hazidi urefu wa kalamu mbili ndogo. Ile hadithi isemayo kwamba watoto humla mama yao ili watoke tumboni ni uongo mtupu. Mama huenda zake mzima, na watoto huenda zao, wala hawalelewi hata siku moja.

Kwa kawaida huzaliwa kati ya 20 na 40. Lakini moma mmoja aliyetoka Kenya, akifugwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika nchi iliyoitwa wakati ule Chekoslovakia, alizaa watoto 156 kwa mara moja. Hajajulikana nyoka mwingine, wa aina yo yote duniani, aliyepata kuzaa wengi kuliko hao. Msomaji asifanye hesabu ya kuzidisha kwa hofu, maana walio wengi hawafiki utu uzima. Huliwa na kenge, na nguchiro, na nyegere, na tai wa aina mbalimbali, na hata na nyoka wenzao. Yule swila mkubwa wa pwani na wa nchi kavu za kaskazini na mashariki ya Kenya, atemaye sumu machoni, hula moma. Swila huyo alitambuliwa na wataalamu kuwa aina ya peke yake mwaka 2007 tu, akapewa jina la marehemu James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Watamu.

Adui mwingine ni yule ndege mrefu wa mbugani aitwaye karani tamba. Aliitwa karani kwa sababu ya manyoya yaliyochomoza nyuma ya kichwa chake, kama kalamu ambazo makarani wa zamani walizichomeka sikioni. Ndege huyu humwua nyoka kwa kumkanyaga kwa mguu mara nyingi na kwa nguvu. Makarani wa ofisini wasijaribu.

Saa zinazopotea

Meno ya sumu ya moma ni mawili, marefu zaidi ya sentimeta moja, yaliyo matupu ndani kama sindano ya hospitali. Akifunga kinywa hulala juu ya ufizi, kama kisu cha kukunja. Akifungua kupiga husimama. Urefu huo huyawezesha kupenya kitambaa cha suruali, na kupeleka sumu ndani sana ya nyama.

Sumu yake si kama ya koboko. Ile ya koboko hushika mishipa ya fahamu, ikazuia pumzi, na mtu aweza kufa kwa saa chache. Ya moma huharibu nyama yenyewe. Maumivu huanza mara moja, nayo ni makali. Mahali palipoumwa hufura, na uvimbe hupanda. Kama ni wayo, huja kifundoni, huja mguuni, na kwa saa nyingi huweza kufika pajani. Malengelenge hutokea, mengine yamejaa damu. Maji ya damu huvuja kutoka mishipani kuingia katika nyama iliyofura, na mgonjwa huishiwa nguvu kwa upungufu wa damu, ijapokuwa hakuna damu nyingi iliyomwagika nje. Asipotibiwa, nyama huweza kufa na kuoza, na daktari hulazimika kuukata mguu ili kumwokoa mwenye mguu. Wengine hufa, lakini kwa kawaida hawafi upesi. Kifo cha moma huchukua siku nzima, au siku kadhaa.

Basi sumu hii, kama nyoka mwenyewe, haina haraka. Mtu aliyeumwa na moma amepewa saa za kufika hospitali, na saa hizo ndizo watu wengi wazipotezazo.

Huzipoteza kwanza kwa kamba. Mguu hufungwa kwa nguvu juu ya jeraha ili sumu isipande. Kwa sumu iharibuyo nyama, jambo hilo ni baya kuliko kutofanya lo lote, kwa kuwa sumu hufungiwa mahali pamoja, na damu safi hainyweshi nyama iliyo chini ya kamba; mguu ambao ungalipona ukafa kwa kamba. Huzipoteza tena kwa wembe, wakichanja na kunyonya. Sumu haitoki kwa kunyonywa, maana imekwisha kuingia ndani kuliko urefu wa wembe, na majeraha mapya hutoa damu ambayo kwa wakati ule huenda isigande vizuri.

Zaidi ya hayo liko jiwe jeusi, liuzwalo na kuazimwa katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kwa kweli si jiwe. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa ukawa mkaa. Mfupa wa namna hiyo una vitundu vingi vidogo visivyoonekana, vinyonyavyo maji, ndiyo sababu hunata juu ya jeraha. Watu huuona umenata, wakasadiki kwamba unavuta sumu, na uangukapo husema sumu imekwisha. Umenyonya damu ya juu ya ngozi tu. Wataalamu waliojaribu jiwe hilo kwa wanyama waliotiwa sumu ya nyoka hawakuona kwamba liliwasaidia. Mbona basi wako watu wenye kusema kwa nia njema kabisa kwamba liliwaponya? Jibu si gumu. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Aliyeumwa na nyoka wa namna hiyo angalipona hata kwa kuwekewa kibuyu. Asimwite jirani yake mwongo, lakini asimwazime mguu wake.

Dawa iliyo dawa ni moja, nayo ni sindano ya kupinga sumu. Hutengenezwa kwa kumdunga farasi sumu ya nyoka kidogo kidogo, kiasi kisichomdhuru, mpaka damu yake izoee na kufanya askari wa kupigana na sumu ile. Kisha sehemu ya damu hiyo hutolewa, ikasafishwa, ikatiwa katika chupa. Haifai kudungwa nyumbani, kwa sababu miili ya watu wengine huikataa ghafula, na lazima daktari awe tayari kwa hilo. Tena dawa iliyotengenezwa kwa sumu za nyoka wa Asia haimfai aliyeumwa na nyoka wa Afrika, jambo ambalo limewahi kuleta hasara kubwa mahali ambapo waliotaka kununua kwa bei nafuu hawakusoma maandishi ya chupa.

Dawa hii imekuwa adimu. Mwaka 2014 kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza ile iliyoitwa Fav-Afrique, iliyokuwa ikitumika katika nchi nyingi za Afrika, na chupa za mwisho zilipita muda wake Juni 2016. Mwaka uliofuata, 2017, Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Kwa makadirio ya Shirika hilo, watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na mara tatu ya hao hubaki na kilema cha maisha. Walio wengi ni watu wa mashamba. Huko Karen, Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa nyani, wataalamu wa Kenya walianzisha kituo cha kuchunguza sumu za nyoka, wakishirikiana na chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Liverpool, Uingereza. Lengo lao ni dawa ifaayo nyoka wa Kenya, ipatikane Kenya.

Lakini kabla ya chupa ni njia, na moma hupenda njia. Jioni jua litakapo kuzama, udongo wa njia na lami ya barabara hubaki na joto, naye hujilaza hapo. Walio wengi huumwa chini ya goti. Viatu vigumu vinavyofunika kifundo huzuia mengi, na tochi huzuia zaidi, mradi imulike mahali utakapoweka mguu, si mbali mbele. Kuni na mawe yageuzwe kwa fimbo kabla ya kushikwa kwa mkono. Katika shamba lenye majani marefu, yafaa fimbo ipite kwanza; kishindo peke yake hakitoshi, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa.

Naye aliyeumwa akalishwe au alazwe, asitembezwe kama aweza kuchukuliwa. Pete, bangili, saa na kiatu vitolewe mara moja, maana baada ya nusu saa havitatoka ila kwa kukatwa. Kiungo kilichoumwa kifungwe ubao kwa ulegevu, kama kifungwavyo kilichovunjika, ili kisitikisike. Asinyweshwe pombe wala dawa ya miti. Mmoja asitumwe kumtafuta nyoka. Daktari hahitaji kumwona, na kumtafuta ni kutafuta mgonjwa wa pili. Gari, pikipiki au machela, chochote kilicho karibu, kitangulie, na mtu apige simu hospitali kuuliza kama sindano iko, ili mgonjwa asipelekwe mahali isipo.

Na kama yuko mwenye kalamu ya wino, aandike juu ya ngozi ya mgonjwa saa aliyoumwa. Kisha achore mstari mahali uvimbe ulipofika, aandike saa kando yake, na baada ya kila nusu saa achore mwingine. Mistari hiyo humwonyesha daktari uvimbe unapanda kwa kasi gani, naye kwa kuitazama aweza kuamua kama sindano yahitajiwa sasa au yaweza kungoja.